Kitufe Nibonyeze Mwenyewe

Watu wakiniona na kishikwambi jukwaani hudhani nasoma maneno ya wimbo. Wale wa mstari wa mbele wanadhani nachati. Kiukweli pale ndipo ulipohamia mguu wangu wa kulia.

Tangu ajali ya bodaboda ya mwaka wa kwanza, mguu huo haupokei amri haraka. Kutembea natembea, ngazi za maktaba napanda taratibu. Lakini kupiga gitaa la dansi huku unakanyaga pedali kwenye pigo lenyewe ni habari nyingine. Pedali yetu ni Line 6 HX Stomp, ya mtumba, tuliyochangishana watu watatu. Ina vitufe vitatu tu vya kukanyaga, vimekaa karibu karibu, nami hupiga nimekaa. Mguu ukiangukia viwili kwa pamoja, pedali inafanya jambo ambalo hukuliomba.

Wenzangu walikuja na suluhisho la upendo: mpiga kinanda awe ananibonyezea. "Wewe piga tu mzee, mambo ya sauti tuachie." Nilikataa, tukanuniana karibu wiki nzima. Waliona najivuna. Ila mtu aliyewahi kupiga sebene anajua: hakuna karatasi inayosema linaanza lini. Mwimbaji akinogewa anarudia kiitikio mara mbili zaidi, mpiga ngoma anakuangalia, na anayeamua kwamba sasa tunapanda ni gitaa. Sauti ikibadilishwa na mtu mwingine, nusu ya uamuzi huo imeshaondoka mikononi mwangu. Ningekuwa nasubiri kuruhusiwa.

Ndipo nikaingia kwenye MIDI. Ni lugha ya tangu 1983, iliyowekwa ili ala za kampuni tofauti zielewane. Haibebi sauti hata kidogo, inabeba amri: fungua namba fulani, geuza kitu fulani kifike hapa. Kwenye waya wake wa kawaida inakwenda kwa biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo amri ya baiti tatu inapita kwa takriban milisekunde 1. Sauti ikichelewa, mtafute mchawi kwingine.

Kabla ya kushusha programu yoyote nilisoma kitabu cha pedali, kurasa za MIDI, zile ambazo watu wengi huziruka. Humo ndimo nilimopata kilichoniokoa. Kwenye HX Stomp, ukihama kutoka mpangilio mmoja wa sauti kwenda mwingine, sauti inakatika kidogo. Kati ya wimbo na wimbo hakuna shida, katikati ya wimbo ni aibu. Lakini ndani ya mpangilio mmoja kuna snapshoti tatu, na kuhama kati yake hakukati kitu. Unaziita kwa CC namba 69: thamani 0 ni ya kwanza, 1 ya pili, 2 ya tatu. Tatu zinatosha kabisa kwa dansi. Ya kwanza ubeti, gitaa safi, limelainishwa. Ya pili kiitikio, imenenepa kidogo. Ya tatu sebene, kali, na mwangwi mfupi nyuma yake.

Kwa hiyo nilichohitaji ni namba tatu tu! Ajabu ni kwamba programu nyingi zinakuuzia picha ya studio nzima: virungu hamsini vya kuzungusha, taa zinazowaka, mbao za kuchora. Ukiwa chumbani zinapendeza. Ukiwa na gitaa pajani na mkono mmoja huru kwa muda wa pigo moja, kirungu cha ukubwa wa njegere ni dhihaka.

MIDI Designer Pro wanaisifu sana, lakini ni ya iPad, na mimi nina Android. BandHelper nilivutiwa nayo, maana unapanga nyimbo za shoo na ukifungua wimbo inaituma amri yenyewe. Ila ni ya kulipia kila kipindi, na boom likichelewa je, shoo iahirishwe? Ipo nyingine ya bure ambayo ilituma amri pale tu unapoondoa kidole. Mtu asiyepiga muziki hawezi kuona ubaya wake. Mimi niliona ndani ya dakika mbili, kwa sababu kila sebene lilianza nimeshalipita.

Nikaishia TouchOSC. Unalipia mara moja, ukurasa unauchora mwenyewe, na unachagua kama kitufe kitume kinapoguswa au kinapoachiwa. Nimechora vitufe vya upana wa kiganja, rangi tatu, bila maandishi. Kishikwambi kinakaa kwenye stendi upande wa paja la kulia. Nyuzi zikiwa bado zinalia mkono unashuka, unagonga, unarudi.

Bluetooth sikuitaka kwenye ukumbi uliojaa simu. Natumia waya wa USB wenye ncha za MIDI, na hapa ndugu msomaji uwe makini: ncha iliyoandikwa OUT ndiyo inayoingia kwenye IN ya pedali. Halafu kishikwambi kinawekwa hali ya ndegeni, kioo kisijizime, na betri ijae, kwa sababu tundu la chaji limeshakaliwa na waya. Kundi la WhatsApp la darasa lina tabia ya kutuma notisi za wiki tatu katikati ya wimbo wa pili.

Mpiga kinanda alikuja mazoezini, akagonga vile vitufe vyote akiwa amenyamaza, kisha akauliza kama rangi ya sebene isingekuwa nyekundu. Nikaibadilisha. Nimeongeza kitufe cha nne, kidogo, pembeni, cha CC 68 inayofungua tyuna. Sasa dada yetu wa besi naye anataka ukurasa wake. Nimemwambia alete kishikwambi chake.