Bolti Iliyozama katika Mafuta



Mwezi wa Juni asubuhi za Manika huwa na baridi. Moshi wa makala hutanda juu ya mabati, na kutoka barabara kubwa husikika malori yaliyobeba shaba na kobalti yakianza safari ya kuelekea Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Asubuhi moja ya namna hiyo tulisikia kwa mara ya kwanza sauti ngeni ndani ya pikapu yetu. Ilikuwa kelele kavu, kama ya mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Ilidumu sekunde tatu, kisha ikanyamaza, nasi tukafurahi kwamba imenyamaza.

Sisi ni ndugu watatu: yaya wetu ambaye ndiye dereva, dada yetu anayetunza fedha, na mdogo wetu anayepakia na kupakua. Gari lenyewe ni Hilux ya zamani, yenye injini ya petroli iitwayo 22R. Baba yetu aliinunua mwaka 2004. Katika miaka ile wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, naye alikuwa mmoja wao. Tangu siku hiyo pikapu imebeba makala, unga wa mahindi, mabati, viti vya msiba, na mara moja jeneza la baba mwenyewe. Alituachia gari na daftari. Katika daftari hilo alikuwa ameandika kila badiliko la mafuta ya injini, kila kilomita 5,000, pamoja na tarehe. Alipofariki tuliendelea kuandika chini ya mistari yake.

Inafaa tueleze sauti ile ilitoka wapi. Ndani ya injini kuna mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, na mhimili wa juu unaofungua na kufunga valvu. Lazima miwili hiyo iende kwa kipimo kimoja: wa chini ukizunguka mara mbili, wa juu uzunguke mara moja, bila kukosea hata jino moja la gia. Kinachoiunganisha ni mnyororo, ambao mafundi wa Tanzania huuita taimingi cheni na wetu huuita shene ya distribisyo. Injini za kwanza za aina hii zilikuwa na mnyororo wa safu mbili; yetu ina wa safu moja, nao huteleza kati ya reli mbili zenye plastiki. Kikazio kidogo kinachosukumwa na nguvu ya mafuta huuweka umekazwa. Injini ikiwa imelala usiku kucha, mafuta huwa yameshuka, na mpaka yapande tena mnyororo hulegea na kupiga kando. Reli zikivunjika, mnyororo hupiga moja kwa moja kifuniko cha aluminiamu kilichoufunika. Nyuma ya ukuta wa kifuniko hicho hupita maji ya kupoza injini. Mnyororo ukiutoboa ukuta huo, maji huingia katika mafuta, na injini hufa.

Hayo yote hatukuyajua wakati ule. Tulijua tu kwamba sekunde tatu zimekuwa kumi, na kumi zimekuwa dakika nzima. Mdogo wetu aliongeza sauti ya redio. Yaya alinunua mafuta mazito zaidi, na mchana kelele ikapungua kidogo. Lakini mafuta mazito hupanda polepole wakati wa baridi, hivyo tulichotuliza mchana tulikiharibu alfajiri. Fundi wa garaji moja alitutajia bei iliyopita mapato yetu ya miezi miwili. Ndipo tukakata shauri la kuiuza.

Alipatikana mnunuzi, mama mmoja mjane anayefanya biashara ya unga. Alikuwa amekusanya fedha zake kwa miaka mingi. Tulipatana aje siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi. Saa mbili yaya aliwasha injini na kuiacha ingurume hadi ikapata joto, kwa maana injini yenye joto haikupiga kelele nyingi. Hatukuagizana kufanya hivyo. Kila mmoja wetu aliona, akaelewa, akanyamaza.

Mama yule alifika, akazunguka gari, akatazama matairi. Halafu akaweka kiganja chake juu ya boneti.

«Wanangu, mbona ni ya moto? Mmetoka safari?»

Hakuna aliyejibu. Tuliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa na unga katika mistari ya viganja. Dada yetu ndiye aliyesema: «Hapana, Mama. Tuliiwasha ili usisikie.» Akamweleza yote, tangu sekunde tatu za kwanza. Mama hakukasirika. Alifunga tena fundo la kitenge alimoweka fedha, akasema: «Asante, mwanangu. Mkiitengeneza, mniite.» Akaondoka kwa miguu. Yaya hakuzungumza na dada mpaka usiku.

Kwa kuwa haikuuzika, ilibaki kutengenezwa, na kwa kuwa fedha haikuwapo, ilibaki kutengenezwa nasi wenyewe. Jirani yetu, mzee aliyekuwa fundi kwa miaka mingi ingawa sasa macho yake ni dhaifu, alikubali kuketi kando na kutuelekeza. Alitukopesha spana zake. Mnyororo mpya, gia zake, kikazio na reli mbili zenye mgongo wa chuma vililetwa kwa basi kutoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita zipatazo 300, kwa dola 90 tulizokopa kwa mjomba.

Tulimwaga maji na mafuta, tukaondoa rejeta, feni na mikanda. Tuliifikisha pistoni ya kwanza kileleni, kisha tukafungua puli ya chini, ambayo bolti yake ilitusumbua nusu ya siku. Tulishusha sampu. Tulifungua bolti zote za kifuniko cha mnyororo, tukazipanga juu ya kadibodi kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Hata hivyo kifuniko hakikutoka. Yaya alikitikisa, akapenyeza bisibisi, mwishowe akachukua nyundo.

Mzee akamshika mkono. «Chuma hakikatai bure. Kuna kitu bado kimekishika. Tafuteni kwanza.»

Akatuambia tutazame mbele kabisa ya kichwa cha injini, chini ya mahali ilipokuwa gia ya juu. Pana shimo dogo pale, nalo lilikuwa limejaa mafuta meusi. Sisi tuliona dimbwi tu. Tuliyanyonya mafuta kwa kitambaa, mara moja, mara mbili, mara tatu, na chini yake ikaonekana bolti moja iliyosimama wima, imeshika kifuniko kutoka juu. Mzee alisema wengi huisahau, hulazimisha, na hupasua kifuniko au huharibu gasketi ya kichwa. Tulipoifungua, kifuniko kilitoka bila nguvu.

Ndipo tulipoona yaliyokuwa ndani. Mnyororo ulikuwa umechimba mifereji miwili katika ukuta wa kifuniko. Unene uliobaki kabla ya maji haukuzidi ukucha. Na kila mahali palikuwa na utando mweusi, mzito kama uji uliokaa. Mzee aliupitisha kati ya vidole vyake, kisha akauliza kwa upole mafuta yalibadilishwa lini. Tulileta daftari. Lilisema mwezi wa Aprili. Lilisema pia Januari, na Oktoba. Mzee alinyamaza. Alirudisha daftari, akaenda zake kunywa maji.

Yaya alikaa chini, mgongo wake ukiegemea gurudumu. Akasema kwamba mistari mitatu ile aliiandika bila kubadilisha mafuta. Alikuwa na deni ambalo hakutuambia, na fedha ya mafuta alikuwa akilipa deni. Tulitaka kumkasirikia, na tungekuwa na haki. Lakini dada alisema kwamba yeye ndiye aliyetoa fedha hizo na hakuwahi kuona galoni tupu hata moja nyumbani, naye hakuuliza kwa sababu hakutaka kusikia jibu. Mdogo wetu alikumbuka redio. Injini ile ilikuwa imeharibiwa na sisi watatu, kila mmoja kwa ukimya wake. Injili hutuambia kwamba yaliyofichwa yatakuja nuruni. Siku ile yalikuja na kitambaa cha kupangusia, mbele ya mzee asiyeona vizuri.

Kazi iliyobaki ilitaka uvumilivu tu. Vipande vya reli iliyovunjika vilikuwa vimeanguka katika sampu, na kipande kimoja kikiziba chujio, mafuta hayapandi tena. Basi tulivikusanya vyote, tukavipanga juu ya gazeti kama vigae vya chungu, mpaka umbo la reli likatimia. Kilipungua kimoja, cha ukubwa wa punje ya hindi. Tulikitafuta hadi giza, tukakipata katika chujio lenyewe. Kesho yake tulifunga mnyororo mpya, tukilinganisha viungo vyake vinavyong'aa na alama za gia, mmoja juu na mmoja chini. Kabla ya kuwasha, mzee alituamuru tuzungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, tuhakikishe alama za gia zimerudi mahali pake. Zilirudi. Tukaijaza mafuta mapya, tukaiwasha. Kelele ilisikika kwa muda mfupi mafuta yalipokuwa yakipanda, kisha injini ikanguruma sawasawa.

Tulimwita yule mama. Alifurahi kwa ajili yetu, lakini alikuwa amekwisha kununua gari jingine. Kwa hiyo pikapu imebaki nasi, pamoja na deni la mjomba ambalo bado hatujalimaliza, na deni la yaya ambalo sasa tunalilipa watatu. Katika daftari la baba tumepiga mstari chini ya maandishi yale matatu, hatukuyafuta. Tangu hapo kila badiliko la mafuta lina saini tatu.

Asubuhi za baridi redio haiwashwi tena kabla ya injini. Tunasimama kando ya gari sote, tunasikiliza sekunde zile za kwanza.

Ndugu vijana, katika vikundi vyenu nanyi mna fedha za pamoja, madaftari ya pamoja, na kazi mlizokabidhiwa. Mtakapokutana wiki hii, ulizaneni: ni sauti gani tumekwisha kuisikia kati yetu, na nani ameongeza redio?