Kila Sababu Ilikuwa na Chembe ya Kweli

Walisema ni saratani iliyomfanya awe mwepesi. Ugonjwa ulimtoa nyama za mabega na kifua, wakasema, akabaki na mwili wa mpanda milima. Wengine walisema siri iko miguuni: anazungusha pedali haraka kuliko wenzake, zaidi ya mara 90 kwa dakika, kwa gia nyepesi, ili mzigo ubebwe na moyo na mapafu badala ya misuli. Wengine wakasema moyo wenyewe ni mkubwa kuliko wa watu wa kawaida. Na waliopenda maneno mazito walisema kwamba mtu aliyelala kitandani akikisubiri kifo hawezi tena kuogopa maumivu ya mlima.

Lance Armstrong alikuwa na miaka 25, Oktoba 1996, madaktari walipomwambia ana saratani ya korodani, nayo imeshafika mapafuni na kwenye ubongo. Alipasuliwa, akatiwa dawa kali za saratani, akapona. Julai 1999 alisimama Paris akiwa na jezi ya njano ya mshindi wa Tour de France, mbio za wiki tatu ambazo kabla ya kuugua hakuwahi kuzimaliza katika nafasi bora kuliko ya 36. Mwaka uliofuata akashinda tena, na uliofuata tena, hadi zikafika mara 7 mfululizo mwaka 2005. Hakuna mwingine aliyewahi kufika hapo.

Zile sababu zinaniuma kuliko pufya yenyewe, dawa haramu za kuongeza nguvu ambazo baadaye ilijulikana alikuwa akizitumia. Dawa ni kosa, na kosa lina adhabu yake kwenye kanuni. Sababu walipewa watu wema, wakazipokea kwa moyo mweupe, wakaishi nazo miaka mingi. Zilipong'olewa, ziling'oka pamoja na vitu ambavyo havikuwa vya Armstrong hata kidogo.

Zilishika kwa kuwa hazikuwa uongo mtupu. Kweli mtu huyu aliugua. Kweli alifanya mazoezi ya kumaliza mwili; miezi kadhaa kabla ya mashindano alikuwa tayari kwenye milima ya Alps na Pyrenees, akizisoma kona za barabara moja baada ya nyingine. Kweli aliizungusha pedali haraka. Mwaka 2005 Edward Coyle, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, alichapisha utafiti uliosema kwamba kati ya 1992 na 1999 misuli ya Armstrong iliongeza ufanisi wake wa kutumia nishati kwa asilimia 8. Hapo sababu ikapata muhuri wa maabara. Baadaye watafiti wa Australia walizikosoa hesabu zake, naye akakiri kosa ambalo alisema ni dogo. Lakini ndani ya utafiti huo huo kulikuwa na namba nyingine ambayo wengi waliipita: Novemba 1992 Armstrong alikuwa na kilo kama 79, na Novemba 1999, baada ya saratani na baada ya ushindi, kama 80. Najua Novemba si Julai, na mwendesha baiskeli huongezeka kidogo msimu ukiisha. Hata hivyo, ule mwili mpya uliosimuliwa dunia nzima haukuonekana kwenye mizani.

Mwenye shaka, kwa kweli, hakuhitaji maabara. Alihitaji tu kukumbuka mwaka mmoja kabla ya ushindi ule wa kwanza. Julai 1998 Willy Voet, msaidizi wa timu ya Festina, alikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa, gari lake limejaa pufya, zikiwamo dozi mamia za EPO. Hiyo ni homoni ambayo figo hutengeneza ili mwili uzalishe seli nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ile ya kiwandani ni dawa halali ya wagonjwa wa figo na wa saratani waliopungukiwa damu. Mtu mwenye afya akijidunga, anapanda mlima kwa pumzi ambayo si yake. Baada ya aibu ile wakubwa wa mchezo walizitangaza mbio za 1999 kuwa mwanzo mpya. Basi kama dawa zilikuwa zimetoka, mwendo ungepungua. Uliongezeka. Kwa mara ya kwanza tangu mbio hizo zianzishwe mwaka 1903, mshindi alimaliza kwa wastani unaozidi kilomita 40 kwa saa. Na kipimo cha kuigundua EPO kilikuwa bado. Kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Katika mbio hizo hizo za 1999 mkojo wa Armstrong ulionyesha kiasi kidogo cha dawa ya kotikosteroidi. Sababu ikaletwa: ni krimu ya kidonda cha tandikoni. Cheti cha daktari kiliandikwa baada ya tukio, kikapewa tarehe ya nyuma. Naomba msomaji akitazame kidonda hicho vizuri. Yeyote anayekaa juu ya baiskeli saa sita kwa siku anakijua, na wapo walioacha mashindano kwa ajili yake. Maumivu ya kweli ya watu wengine yaliazimwa bila ruhusa, yakavalishwa uongo.

Christophe Bassons, Mfaransa, naye alikuwa na miaka 25 mwaka ule. Aliwahi kuwa kwenye timu ile ya Festina, na wenzake walipohojiwa na polisi walimtaja yeye kuwa ndiye aliyekataa dawa. Mwaka 1999 alishiriki na timu nyingine, huku akiandika makala katika gazeti la Le Parisien, na hakuficha kwamba mwendo wa kundi lile unamshangaza. Armstrong alimsogelea, wote wakiwa juu ya baiskeli, akamwambia maneno yake yanauharibu mchezo na kwamba ni heri aende zake. Waendesha baiskeli wengine walimsusa. Hata katika timu yake alikosa wa kuzungumza naye. Siku chache baadaye aliondoka mbioni kabla hazijaisha, na mwaka 2001 akaiacha kabisa kazi hiyo.

Huwa namfikiria Bassons kuliko ninavyomfikiria bingwa. Hatutajua kamwe angefika wapi, naye hatajua. Medali iliyochukuliwa na mlaghai yaweza kurudishwa kwa barua, lakini miguu ya miaka 25 hairudishwi na kamati yoyote. Wapo pia ambao hata majina yao hatukuyapata: vijana wa Ufaransa, Italia, Uhispania, Ubelgiji, waliofika kwenye mlango wa timu kubwa, wakaonyeshwa bomba la sindano, wakageuka, wakarudi kwao kufungua karakana au kufundisha shule. Wao walihesabiwa kuwa hawakuwa na kipaji cha kutosha. Hiyo nayo ilikuwa sababu.

Waliouliza walipakwa matope. Emma O'Reilly wa Ireland, aliyekuwa akiikanda misuli ya timu, ndiye aliyetoboa habari ya kile cheti katika kitabu cha David Walsh na Pierre Ballester cha mwaka 2004. Akafunguliwa kesi na heshima yake ikakanyagwa. Betsy Andreu, mke wa mwendesha baiskeli mwenzake Armstrong, aliapa kwamba mwaka 1996 hospitalini alimsikia mgonjwa akiwatajia madaktari dawa alizokuwa ametumia. Akaitwa mwenye chuki. Greg LeMond, Mmarekani aliyeishinda Tour mara 3, alihoji mwaka 2001 Armstrong anatafuta nini kwa daktari Michele Ferrari wa Italia, aliyekuwa akihusishwa na pufya. Akabanwa hadi akatoa taarifa ya kuomba radhi. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, miaka 13, na kila mwaka wake ulilipiwa na mtu aliyekuwa anasema kweli.

Oktoba 2012 shirika la kupambana na pufya la Marekani, USADA, lilitoa ripoti yake pamoja na ushahidi wa waliokuwa wenzake katika timu. Walieleza EPO, testosteroni, na damu yao wenyewe iliyotolewa, ikahifadhiwa kwenye baridi, kisha ikarudishwa mwilini katikati ya mashindano. Alinyang'anywa mataji yote 7. Januari 2013 alikiri kwenye televisheni mbele ya Oprah Winfrey.

Na wale wagonjwa? Tangu mwaka 2004 mikanda ya njano ya mpira ya kuvaa mkononi iliuzwa kwa mamilioni, fedha zikaenda kwenye mfuko wake wa kuwasaidia wenye saratani. Ilivaliwa na waliougua na waliowauguza. Nimelifikiri sana jambo hili, na sioni kwamba tumaini lao lilikuwa la uongo. Kupona kwake kulikuwa kwa kweli. Nguvu aliyoipata mtu usiku wa tatu wa kutapika baada ya dawa ilikuwa yake mwenyewe, aliitoa ndani yake. Ila alinyimwa haki ya kuikumbuka bila uchungu. Armstrong angeweza kuwa mtu aliyepona saratani akarudi kuendesha baiskeli katikati ya kundi, akamaliza wa 36. Ingetosha. Kwa wengi wodini ingekuwa hadithi bora zaidi.

Hasara nyingine imetufikia hadi kwetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah huko Kikuyu, na mwaka 2006 akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Kisha akachukua leseni ya Uingereza, na kati ya 2013 na 2017 akaishinda Tour mara 4. Alipoulizwa kwa nini miaka ya mwanzo hakuonekana, alitaja kichocho, kilichogunduliwa mwilini mwake mwaka 2010. Ulaya wengi waliguna. Ugonjwa tena? Mtu aliyekuwa hajulikani, akaugua, akapona, akawa bingwa: hadithi hiyo walikuwa wameshaisikia. Mwaka 2015 alisema mtu kando ya barabara alimmwagia mkojo. Mwaka 2017 kipimo kilionyesha dawa yake ya pumu, salbutamoli, ikiwa juu ya kiwango. Julai 2018 kesi ilifungwa bila yeye kupatikana na kosa.

Mtu wa Mwea au wa kando ya Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa kichocho kinavyomla mtu polepole, akaonekana mvivu kumbe anaumwa. Kwetu hiyo ni sababu inayoeleweka. Kwa mtazamaji aliyeumwa na Armstrong ilikuwa kisingizio, na siwezi kumlaumu. Na Froome mwenyewe aliibiwa: mbio za Vuelta za Uhispania za mwaka 2011 alimaliza wa pili, na ilimpasa asubiri hadi 2019, mshindi Juan José Cobo alipovuliwa taji kwa pufya, ndipo ushindi ukawa wake. Furaha ya kusimama juu Madrid, bendera ikipanda na mama za watu wakilia, haikuletwa pamoja na barua.

Kisha tukayasikia ya nyumbani. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alieleza kwamba alikosa kupimwa kwa sababu ya ajali ya lori barabarani. Picha aliyoitoa ilikuwa ya ajali iliyotokea miezi mitatu baada ya siku hiyo. Alifungiwa miaka 4. Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alipatikana mwaka 2025 na dawa inayoongeza mkojo, ambayo yaweza kuficha dawa nyingine; hatimaye alisema aliugua akameza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Alifungiwa miaka 3. Lori hupinduka kweli kwenye barabara zetu. Watu huazimana vidonge kweli, kila siku, kila kijiji. Ndiyo maana naona uchungu. Kesho msichana wa Elgeyo Marakwet atakayekwamishwa na mvua njiani, asimkute mpimaji nyumbani, atasema kweli tupu na hakuna atakayemsikia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuache kuchimba, kwamba shaka inaua mchezo. Aliyeshuku mwaka 1999 alikuwa anawatetea akina Bassons, ajue asijue. Waliomnyamazisha ndio waliorefusha ile miaka. Shaka niitakayo ina kazi ya kufanya: inauliza tarehe ya cheti, inatazama mizani, inahesabu mwendo, na ikikuta ushahidi hautoshi inasema hautoshi, kama ilivyosemwa kwa Froome.

Mataji yale 7 hayakupewa mtu mwingine. USADA ilieleza kwamba kati ya nafasi 21 za jukwaani kuanzia 1999 hadi 2005, 20 zilikuwa za watu waliohusishwa moja kwa moja na pufya. Wa kumtunuku hakupatikana kwa urahisi, kwa kuwa waliostahili walikuwa wameshaondoka.

Waandishi wenzangu wa michezo, mkienda Iten au Kaptagat msiishie kwa bingwa na kikombe chake cha chai. Mtafuteni na yule aliyekuwa akikimbia vizuri, akaiacha kambi kimyakimya akarudi shambani. Mwulizeni aliona nini, na mwandikeni angali na umri wa kurudi.