Maji ya Kasindi

Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Roma hakuwaficha: anayebatizwa anabatizwa katika mauti. Anazikwa kwanza, ndipo afufuke. Tumelisikia fundisho hilo tangu utotoni, kila mkesha wa Pasaka, na kwa miaka mingi limepita masikioni mwetu kwa upole, kama yapitavyo mengi ya kanisani. Nani aliwaza kwamba siku moja mauti yangekuja yenyewe kudai kilicho chake?

Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, waumini wa Kasindi, mashariki mwa Kongo, walikuwa wamekusanyika katika kanisa lao la Kipentekoste, la 8e CEPAC, kwa ajili ya ubatizo. Bomu la kienyeji likalipuka katikati yao. Hesabu ya wafu ilianza kwa watano, ikafika kumi, ikaendelea kupanda. Waliojeruhiwa walikuwa makumi. Dola la Kiislamu likatangaza kwamba ni kazi yake. Huku kwetu Beu, mjini Beni, tulizipokea habari hizo kama tulivyozipokea nyingine nyingi tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014: kwa simu, kwa sauti ya chini, tukitaja kwanza majina ya ndugu walioko upande ule.

Tangu siku hiyo kuna maswali madogo yasiyonitoka. Nani alikuwa ameshaingia majini? Nani alikuwa bado akingoja zamu yake? Nguo za waliobatizwa zilikuwa zimekauka? Yale maswali makubwa, kwa nini, hadi lini, walinzi wako wapi, nayauliza mchana pamoja na wenzangu. Usiku zinabaki nguo zile.

Kasindi si mahali pa kutafakari. Ni mpaka. Malori yaliyopakia Mombasa, yakakata Kenya na Uganda, yanaingilia hapo na bidhaa za wafanyabiashara wa Butembo. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, na soko la huku na la kule linajuana. Mtu wa Kasindi huvuka asubuhi akarudi jioni, na wala haliiti hilo safari.

Ubatizo nao ni kuvuka, ila huo hauna kurudi. Aliyebatizwa hata akiikana imani, hata akiishi miaka thelathini bila kukanyaga kanisani, siku akirejea habatizwi upya. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ubatizo unaacha rohoni alama isiyofutika. Neno hilo limewahi kunifariji, na limewahi kunitisha. Kwetu ni kitu gani kisichofutika? Nyumba za Eringeti zimefutika. Njia za kwenda kwenye mashamba ya kakao ya Mbau zimefutika, zimemezwa na majani kwa kukosa miguu. Vijiji vizima vimebaki majina tu vinywani mwa waliokimbia. Na bado tunamwambia mtoto wa wiki tatu kwamba ametiwa alama itakayodumu kuliko milima ya Ruwenzori.

Juu ya kiasi cha maji tumebishana sana. Wale wa maji mengi, Wabaptisti wa CBCA na Wapentekoste, huwatania Wakatoliki kwamba wamelowanishwa utosi tu. Wakatoliki hujibu kwamba neema haipimwi kwa bidoni. Utani huo utausikia hata matangani, mtu akiwa amekaa juu ya kiti cha kuazima na kikombe cha chai mkononi. Naupenda. Ni moja ya mabishano machache ya huku kwetu ambayo hayajawahi kuua mtu.

Lakini tafakari ule muda mfupi ulio chini ya maji. Mtu amesimama, maji yamefika kiunoni, mikono ameikunja kifuani. Mchungaji anamshika shingoni kwa nyuma, anatamka jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kisha anamlaza chali. Kwa pumzi moja hakuna anga, hakuna kwaya, hakuna mama anayetazama ukingoni. Halafu anainuliwa.

Imani yote imekaa katika mikono ile: kwamba aliyekuzamisha ndiye atakayekuinua. Tunaimba furaha ya kuinuliwa, tunapiga vigelegele, tunamfunika mtu kitenge kikavu. Ile pumzi moja tunaiacha ipite. Je, si hiyo iliyo yetu zaidi? Je, mkoa huu wote haujakaa humo kwa miaka, umezamishwa, ukingojea mikono?

Kuna kuoshwa kwingine, kwa mwisho, na huko tulikunyang'anywa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikasambaa Beni, Katwa, Butembo. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mbele ya kila mlango, wa kanisa, wa duka, wa shule, ilisimama ndoo yenye bomba na maji ya klorini. Tulinawa kabla ya kusalimu, halafu hatukusalimu.

Mwili wa aliyekufa ndio uliokuwa wa hatari kuliko yote. Kwa hiyo mama hakumwosha mwanawe. Watu waliovaa mavazi yasiyoonyesha uso walifika, wakapuliza dawa, wakafunga mfuko, wakabeba. Najua ilikuwa lazima. Najua pia wale wabebaji walikuwa vijana wa kwetu, waliopigwa mawe kwa kazi iliyookoa wengi. Hata hivyo kuna kitu kilichokatika. Mtoto akizaliwa anaoshwa. Akibatizwa anaoshwa. Akifa anaoshwa, na wanaomwosha humwita kwa jina, humweleza wanachofanya, kana kwamba anaweza kuona aibu. Kuoshwa kwa kwanza na kwa pili kunaegemea kule kwa mwisho. Kukikosekana kule, huku kwa mwanzo kunashikwa na nini?

Pengine kunashikwa na jina.

Sisi Bayira tuna majina ya zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule. Wakubwa wakifa, Kakule habadiliki kuwa wa kwanza. Anabaki wa nne maisha yake yote, na kila anayemwita anawahesabu, bila kujua, wale watatu waliomtangulia. Jina la ubatizo linakuja baadaye na halihesabu mtu. Ni lake peke yake. Labda ndiyo sababu wazee walilipigania. Mwaka 1972 Mobutu alipoyapiga marufuku majina hayo ya ubatizo, akianza kwa kulitupa lake la Joseph-Désiré, padri aliyethubutu kumbatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo, na Kardinali Malula aliyepinga akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Leo hii wako wasomi wanaosema, na wana hoja, kwamba Mobutu hakukosea kila kitu: kwa nini Mungu asimtambue Kasereka mpaka aitwe Jean-Pierre? Sina haraka ya kuwajibu. Naona tu kwamba mtu mwenye majina mawili ana mahali pawili pa kutafutwa.

Jina hilo huandikwa katika kitabu cha wabatizwa, parokiani. Kwa watoto wengi wa vijijini, ambao serikali haijawahi kuwaandika popote, huo ndio wino wa kwanza kushika jina lao. Pembeni mwa mstari huachwa nafasi. Humo huongezwa kipaimara, ndoa, upadri, kadiri maisha yanavyoendelea. Mwandishi anayeacha nafasi hiyo tupu anafanya tendo la imani, hata kama mkono wake umezoea na hauwazi chochote: anaamini kwamba kutakuwa na cha kuongeza.

Nafasi hizo ni ngapi zitakazobaki nyeupe? Tarehe 27 Juni 2021, mjini Beni, bomu lililipuka katika kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili, asubuhi ambayo watoto walingojewa kuja kupokea kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Watoto walikuwa hawajafika. Huko Mbau, usiku wa tarehe 19 Oktoba 2012, mapadri watatu Waasumpsioni, Jean-Pierre Ndulani, Edmond Kisughu na Anselme Wasukundi, walichukuliwa kutoka nyumba ya parokia. Hawajaonekana tangu hapo. Wao nafasi yao ya pembeni ilikuwa imejazwa: wamebatizwa, wameimarishwa, wamewekwa wakfu. Linalokosekana ni neno moja ambalo hakuna mwenye haki ya kuliandika. Mtu ataombewaje, kama marehemu au kama msafiri? Kwa miaka hiyo yote wamebaki katika ile pumzi ya chini ya maji.

Wakristo wa zamani walikuwa na jibu kwa ajili ya wale waliouawa kabla ya kubatizwa. Waliuita ubatizo wa damu. Mwaka 203, Carthage, Perpetua na wenzake walikuwa wangali wakatekumeni walipokamatwa, wakabatizwa wakiwa mikononi mwa walinzi. Mwenzao Saturo alipoumwa na chui uwanjani akalowa damu mwili mzima, umati ulimpigia kelele ile salamu ya kejeli iliyokuwa ya watu wa mabafuni, ya kumtakia aliyeoga heri. Mwandishi wa habari hizo aliigeuza kejeli ikawa ushuhuda: kweli, huyu ameoga.

Na si mbali hivyo. Mahujaji wa kwetu huenda Namugongo, Uganda, kila mwezi wa sita. Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa haraka, usiku, vijana waliokuwa hawajapata maji, Kizito mdogo akiwa mmoja wao, kwa kuwa kesho yake ilikuwa inajulikana. Lakini Mukasa Kiriwawanvu hakuwahi. Alikufa Juni 3 akiwa mkatekumeni, hana tone la maji kichwani, na mwaka 1964 Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wengine. Kanisa lilisema moto wa Namugongo ulitosha.

Ningependa jibu hilo linitoshe na mimi kwa ajili ya Kasindi, lakini kuna kitu kinagoma. Kizito aliulizwa. Perpetua aliulizwa, zaidi ya mara moja, na baba yake mwenyewe alimsihi aseme hapana. Walikuwa na mlango wa kutokea, wakaukataa. Huko kukataa ndiko tunakokuita ushahidi. Waliokufa Kasindi nani aliwauliza? Bomu halina swali. Waliouawa Rwangoma, mjini Beni, mwaka 2016, wengi wao wakiwa wametoka shambani au wangali huko, nani aliwauliza? Waliokuwa wakikesha kwa sala Komanda, kule Ituri, Julai 2025? Tukiwaita mashahidi upesi mno, tunawapa heshima ambayo pengine hawakuitaka. Huenda walitaka tu kurudi nyumbani kupika. Tukikataa kuwaita hivyo, tunawaacha wakiwa tarakimu katika taarifa. Njia ya tatu sijaiona, na simwamini sana anayesema ameiona.

Ila, labda, swali huulizwa mapema kuliko tunavyodhani. Mtu wa Kasindi anayefunga nguo kavu katika mfuko Jumapili asubuhi anajua nchi anayoishi. Anaijua barabara ya Beni, kilomita themanini hivi, na mahali ambapo magari yamechomwa. Anajua kwamba mkusanyiko wa watu ni hatari. Akichukua mfuko wake akatoka, je, hajaulizwa? Na je, kutoka kwake si jibu? Nalisema hili kwa woga, kwa sababu ukilisukuma kidogo tu litageuka kuwa lawama: kwamba walijitakia. Hawakujitakia. Walitaka maji.

Na mtoto mchanga? Yeye hawezi kujibu, na kwa Wakatoliki hujibiwa na wengine. Baba, mama, na msimamizi husimama mbele ya shirika zima wakaulizwa: mnamkataa Shetani? Mnaamini? Wanasema ndiyo kwa kinywa ambacho si chake.

Mimi nimewahi kusimama hivyo. Nilimshika mtoto, mishumaa ikapita, maji yakamfanya alie, na mama yake akacheka kwa aibu kidogo jinsi akina mama wa kwetu wanavyocheka mtoto akilia kanisani. Walikuwa watu wa upande wa Oicha. Waliondoka kule wakati wa mashambulizi, pamoja na wengi, na simu ya baba yake ikaacha kupokelewa. Nimewauliza waliokimbilia Butembo, waliokimbilia Mambasa, waliovuka kwenda Uganda. Wapo wanaodhani waliwaona.

Sheria ya Kanisa inasema msimamizi amsaidie mbatizwa kuishi maisha yapatanayo na ubatizo wake. Haielezi afanye nini asipojua mbatizwa yuko wapi. Undugu ule hauvunjiki kwa umbali, wala kwa kifo, ndivyo nilivyofundishwa. Basi mimi ni nani sasa kwake? Akiwa hai, ana umri wa kuuliza mambo. Huenda anaitwa kwa jina lake la zamu ya kuzaliwa tu, kwa kuwa kambini hakuna aliyelijua lile jingine. Mimi nalijua. Nililitamka nikiwa nimemshika, na swali lilipoulizwa nilijibu kwa sauti, bila kusita, mbele ya watu wote wa parokia: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa namkubalia nini?