Ugoro Sakafuni

Nilipokuwa chuo cha theolojia, nilikwenda likizo na mwanadarasa mwenzangu kwao Mberengwa, Zimbabwe, ambako Walutheri ni wengi. Jioni baba yake mkubwa alipiga magoti, akaweka ugoro kidogo sakafuni, akapiga makofi polepole na kusema na vadzimu, yaani wazee waliotangulia. Washona huuita ugoro huo bute. (Bibi yangu naye alinusa ugoro, lakini kwa kuumwa kichwa tu.) Wazee huombwa wayafikishe maneno kwa Mwari, na Mwari ndilo jina la Mungu katika Biblia ya Kishona.

Niliinuka nikatoka nje. Nilijiona shujaa wa imani. Mwenzangu, mwanafunzi wa uchungaji kama mimi, alibaki ameinamisha kichwa.

Usiku akanieleza nilichokikimbia: mzee alikuwa akilitaja jina langu, akiomba nifike kwetu salama.

Ninaamini hata leo kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristo. Hilo sijalilegeza. Lakini asubuhi yule mzee alinibebea begi hadi kituo cha basi, wala hakuniuliza neno. Nami sikumwomba radhi.