Leja haifutwi, Idrisa

Mtwara

Mpwa wangu Idrisa,

Mguu wangu ni ule ule, Zuhura kajifungua salama mtoto wa kiume na jina bado wanagombania, mikorosho imeanza kuchanua. Mengine utayasikia kwa mama yako.

Baada ya hayo, nimeletewa maneno uliyoyasema barazani siku ya Idi pili. Binamu zako walikuwa wakisimulia huku wanacheka: kwamba huko kwenye kampuni yenu ya mikopo ya simu, Dar es Salaam, deni la mteja likikaa vibaya kwenye mfumo, bosi anakupigia simu hata saa sita za usiku, wewe unafungua laptop papo hapo kitandani, unaingia moja kwa moja kwenye kanzidata, unabadilisha tarakimu, unalala. Na kwamba ulimalizia kwa kusema, "Naingia, natoka, na hakuna anayejua." Eti vijana wakakupigia makofi.

Huenda wameongeza chumvi, wenzio hao nawajua. Lakini hilo la "hakuna anayejua" nimelisikia kabisa kwa sauti yako, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Usije ukasema shangazi hajui kompyuta. Kompyuta sijui, hesabu za watu nazijua. Somo la mwanzo tulilopewa pale Chuo cha Ushirika Moshi, kabla hatujaruhusiwa hata kugusa kikokotoo, ni kwamba leja haifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba kwa wino mwekundu, tarakimu iliyokosewa iendelee kusomeka, unaandika iliyo sahihi juu yake, unatia saini na tarehe. Kosa likigunduliwa mwezi umeshafungwa, hata mstari huo huruhusiwi: unaandika vocha ya marekebisho ukieleza sababu, mtu mwingine anaiidhinisha, ndipo linaingizwa ingizo jipya la kulisawazisha lile la zamani. La zamani linabaki pale pale. Raba ikionekana mezani kwa mhasibu, ilikuwa aibu.

Sasa nikusimulie jambo, maana baba yako hakuwahi kukusimulia na yeye alikuwepo. Miaka ile vyama vikuu vya ushirika viliporudishwa baada ya kuvunjwa mwaka 1976, nilikuwa karani wa hesabu kwenye kimojawapo. Sikitaji, wengine wangali hai. Chini yetu kulikuwa na vyama vya msingi, na kimoja kilikuwa na keshia kijana, mpole, mwenye hati nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Msimu wa korosho ukaisha, hesabu zake zikaonekana pungufu. Leja ya kwetu ilisema amepelekewa fedha nyingi za kuwalipa wakulima. Daftari lake lilisema ni chache kuliko hapo. Akasema, sikuzipokea. Akaulizwa, kwa hiyo leja ya makao makuu ndiyo inayosema uongo? Ikawa basi. Wazee wake wakauza shamba la mikorosho ili kuziba pengo, na bado akafukuzwa kazi. Posa aliyokuwa amepeleka ikarudishwa.

Mkaguzi alipokuja, mimi ndiye niliyepewa kumtolea vitabu. Nilikuwa nimesimama dirishani nikipekua leja ile, jua la asubuhi likapenya kwenye ukurasa. Pale penye tarakimu ya kijana yule, karatasi ilikuwa imekonda hadi mwanga unapita. Nikapitisha kidole, pakakwaruza, pana vinyuzinyuzi. Mtu alikwangua wino kwa wembe akaandika upya juu yake, kwa wino wa rangi ile ile.

Sikiliza sasa, Idrisa. Mwenye wembe hakuiba hata senti. Siku ya kufunga hesabu urari ulikataa kukaa sawa, saa ya kutoka kazini ilikuwa imepita, akaona tofauti inalingana na mahali pale, akaparekebisha. Alidhani anasaidia. Naye, kama wewe, alijua hakuna atakayejua.

Nilimweleza mkuu wangu, akaniambia nisilete umbea wa kike ofisini. Nikaibeba leja mwenyewe hadi kwa mkaguzi, ukurasa ukiwa wazi. Kijana alisafishwa kwa barua ya mistari mitatu; shamba halikurudi. Na ile nafasi ya mhasibu msaidizi niliyokuwa naingojea akapewa mwanamume ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuandika vocha. Hilo nimelisamehe. Baba yako anasema sijasamehe kwa kuwa nalitaja kila Idi.

Utaniambia hayo ni ya zama za wino. Basi mwulize Rehema aliyeko Leicester akueleze ya posta ya Uingereza, maana mimi ameniletea habari hizo hadi nikamwambia inatosha. Kule posta nyingi huendeshwa na watu wenye vijiduka vyao, wanauza stempu, na miaka ile walilipa na pensheni. Kuanzia mwaka 1999 wakafungiwa mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha mapengo ya fedha ambayo hayakuwepo, na posta ikashikilia kwamba pengo ni la kulipwa na mwenye tawi. Watu wakalipa kwa akiba zao, wakalipa kwa nyumba zao. Hadi kufikia 2015 zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa makosa kama wizi na udanganyifu wa hesabu. Mmoja wao, Seema Misra, alifungwa mwaka 2010 akiwa na mimba. Hukumu yake haikufutwa mpaka 2021. Wengi wanasema kila walipolalamika waliambiwa, ni wewe peke yako mwenye tatizo hili.

Na miaka yote hiyo posta ilikana kwamba kuna mtu anayeweza kuzigusa hesabu za tawi akiwa mbali, mwenye tawi asijue. Alan Bates, aliyenyang'anywa tawi lake huko Wales, alikusanya wenzake wakafika 555, wakaenda mahakamani. Desemba 2019 Jaji Fraser akasema wazi: waliweza. Wataalamu wa Fujitsu waliweza kuingia na kubadilisha, bila mwenye duka kuwa na habari. Mmoja wa waliotoa ushahidi alikuwa Richard Roll, fundi wa zamani wa ofisi yao ya Bracknell, aliyejitokeza kusema kwamba hayo yalifanyika na kwamba yeye alikuwepo. Huyo namheshimu. Mwaka 2024 Bunge lao lilitunga sheria ya kuzifuta hukumu hizo kwa mkupuo. Wapo waliokuwa wameshakufa.

Nimejiuliza sana juu ya mafundi wale. Sidhani walikuwa wabaya. Kuna hitilafu, kuna simu inalia, kuna mtu anataka iishe kabla hapajapambazuka. Ni wewe huyo, kitandani kwako.

Tena wewe hata lango la kutokea huna. Nasikia neno la siri la kuingilia ni moja, mnalitumia kundi zima. Siku fedha zikipotea, mfumo utasema aliyeingia ni "admin". Admin ni nani? Ni yule ambaye bosi humpigia usiku. Na bosi huyo hupiga, haandiki. Umewahi kujiuliza kwa nini haandiki? Mteja akisema nilikuwa nadaiwa laki mbili na asubuhi nimekuta laki tatu, utamwonyesha nini? Huna wino mwekundu, huna saini, huna vocha. Hata ukurasa wa kuushika dirishani huna.

Basi fanya hivi. Omba kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri la kuingilia. Omba ruhusa yako ya kila siku iwe ya kusoma tu, na ile ya kubadilisha itolewe kwa kazi maalumu kisha ifungwe. Marekebisho ya deni la mtu yaingizwe kama muamala mpya unaoonekana, wenye sababu na wenye jina la aliyeidhinisha, ambaye si wewe. Kwetu anayepokea fedha haandiki leja, na anayeandika leja hatii saini hundi. Si kwa kuwa wote ni wezi, ni kwa kuwa wote wanachoka. Bosi akipiga usiku, mjibu kwa adabu: ndiyo mkuu, naomba uniandikie mistari miwili nianze. Akikataa kuandika, umeshapata jibu. Akisema mfumo wenu hauna sehemu ya kufanyia hayo, si wewe ndiye mwanaprogramu? Ijenge. Hiyo ndiyo ya kujisifia barazani.

Mengine kwa haraka, kalamu imechoka. Majina na namba za wakopaji zisikae kwenye laptop unayopanda nayo bodaboda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, isome mwenyewe usingoje kusomewa. Wakikuambia uandike programu ya kuwatumia ujumbe ndugu na majirani wa mdaiwa ili aaibike, kataa, hata kama wenzenu wote wa mikopo ya simu wanafanya. Nakala rudufu ambayo hamjawahi kujaribu kuirudisha msiihesabu kuwa ipo. Angalia kama michango yako ya NSSF inapelekwa kweli. Msione kiti cha kuzunguka mkasahau uzee. Ukihama kampuni, hama na ujuzi wako, kazi yao usiibebe kwenye flashi. Yule binti mliyempokea kwa mafunzo mwelekeze, asiwe wa kubebeshwa makosa yenu. Na ulale.

Sisemi uache kazi. Laptop yako ya kwanza ilitoka kwenye kiinua mgongo changu, sikukumbushi ili unishukuru, ila nina haki ya kuuliza inafanya nini usiku. Umechukua jina la baba yangu, aliyekuwa mpima mizani wa korosho na hakuna mkulima aliyewahi kumsogelea kumwambia rudia kupima. Baba yako hili hulisahau, yeye humkumbuka kwa fimbo tu.

Nitakupigia Ijumaa baada ya swala. Sitaki maelezo marefu wala ile sauti yako ya "shangazi usijali". Nataka kujua mambo mawili: kama neno la siri limebadilishwa, na kama yale uliyokwisha kuyabadilisha usiku umeyaandika yote, tarehe, tarakimu ya zamani, tarakimu mpya, na nani alikutuma, na kuyapeleka kwa mkaguzi wenu wa ndani. Kama hamna mkaguzi wa ndani, hilo nalo uniambie.

Mwambie baba yako risiti ya bati bado naisubiri.

Ni mimi shangazi yako,
Mwanahawa