Sehemu ya 6: Njia ya baiskeli na gari la wagonjwa

Wamama wenzangu, jana niliahidi kuwaambia kwa nini huku London watu waligombana kisa baiskeli.

Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, tuliambiwa tusibanane kwenye mabasi na treni. Mwezi wa tano serikali ya Uingereza ikatangaza pauni milioni 250 kwa ajili ya njia za dharura za baiskeli na waenda kwa miguu. Mitaa mingine ikawekewa maboksi makubwa ya maua ili magari yasipite.

Mimi nilifurahi. Natoka zamu ya usiku, napanda baiskeli, nafika nyumbani bila lori kunipumulia mgongoni. Ila jirani yangu, mwanawe anatumia kiti cha magurudumu. Teksi ya kumpeleka kliniki ikawa inazunguka mbali, mtoto analia njia nzima. Sikuwa na la kumjibu.

Barabara ya Kensington High Street, njia ya baiskeli iliondolewa baada ya wiki kama saba tu. Kwingine walitoa maboksi wakaweka kamera, gari la wagonjwa lipate kupita.

Ndiyo maana nasema, njia ya muda ni ya kujaribia. Mtaani kwako wakifunga barabara, usiishie kusema "naipenda" au "siitaki". Waambie mwanao anavukia wapi kwenda shule, na gari la wagonjwa litapita wapi kufika mlangoni kwako.

Kesho tunaongelea homa za usiku.