Gari Nimenunua, Stata Nakodishiwa

Ujumbe uliingia kwenye simu asubuhi moja ya Desemba, nje kukiwa na nyuzi 27 chini ya sifuri: kipindi cha huduma ya bure kimekwisha, ukitaka kuendelea kuwasha gari lako kwa simu, weka namba ya kadi ya benki. Gari nimelinunua. Mkopo nalipa kila mwezi bila kukosa. Enjini ni yangu, betri ni yangu, stata ni yangu, petroli najaza mwenyewe. Kumbe ruhusa ya kuviamuru vyote hivyo viwake, nikiwa bado jikoni na kandambili, ilikuwa ya kuazima. Kampuni siitaji, maana kwa tabia hii zimeanza kufanana.

Mlioko nyumbani Tanzania najua mmeshacheka. Gari liwake na mtu hayumo ndani, ili iweje? Mama aliponiona nafanya hivyo tukiwa kwenye simu ya video, aliuliza swali moja tu: "Na hayo mafuta yanayoungua, mwanangu, nani anayalipa?" Nikamwonyesha dirisha. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama nimekula.

Edmonton, Alberta, huku Kanada, si mji wa kuingia garini na kuondoka. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, oili inakuwa nzito, betri inapoteza nguvu, na kioo cha mbele kinashika barafu ambayo waipa haiigusi. Magari mengi hapa yana waya wa umeme unaochungulia kwenye grili. Wageni kutoka kwetu wakiuona hudhani mji mzima una magari ya umeme. Ni hita ya enjini tu. Unaichomeka kwenye soketi usiku kucha ili asubuhi chuma kikubali kuzunguka. Ukiongeza rimoti ya kuwashia, una matumaini ya kufika kazini ukiwa unaona mbele.

Sasa hii stata ya rimoti inayotoka kiwandani imetengenezwa na watu waoga. Unabonyeza kitufe cha kufuli, unakibonyeza tena na kukishikilia, taa zinapepesa, gari linanguruma. Langu baada ya dakika 10 linajizima, na kwa baridi ile dakika 10 zimeyeyusha kipande cha barafu kinachotosha jicho moja. Boneti ikiwa haijafunga sawasawa, haliwaki. Taa ya cheki enjini ikiwa imewaka, haliwaki. Yako magari ambayo ukifungua tu mlango uingie, yanazima, uanze upya. Na mawimbi ya ufunguo hayafiki mbali: naishi ghorofani, gari liko nyuma ya jengo, katikati kuna zege. Njia iliyobaki ni simu, na simu ndiyo waliyoiwekea mita.

Hapo kwenye cheki enjini niacheni nicheke kidogo. Dar ile taa ni pambo. Gari linashuka bandarini nayo inawaka, linauzwa inawaka, linauzwa tena inawaka, na siku mnunuzi mkorofi akiuliza, fundi anaibandika tepu nyeusi kwa nyuma. Tungefuata masharti ya rimoti hizi, nusu ya magari ya Kinondoni yasingewaka milele.

Na ndiyo maana ujumbe ule ulinikumbusha mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar. Fundi umeme wa pale hajawahi kuambiwa kwamba gari lina mwenyewe mwingine zaidi ya aliyelileta. Unamwendea na gari lililotoka Japani, redio yake inaishia masafa ya 90 kwa sababu kwao iliundwa kuanzia 76 hadi 90, na stesheni unazozitaka ziko juu ya hapo. Fundi anaweka ekspanda, jioni unasikiliza taarabu. Yule mama wa Kijapani anayekuamkia kila ukiwasha gari, akikudai kadi ya barabara za kulipia za kwao, ananyamazishwa kwa kuchomoa waya mmoja. Unataka swichi ya siri chini ya kiti ili mwizi ahangaike? Inawekwa. Unataka alamu? Unaulizwa ya bei gani.

Mbinu zake nazijua. "Bosi, hii ndogo sana. Niachie gari, pitia saa kumi." Saa kumi unakuta kiti kimetolewa, dashibodi imefunguka, nyaya za rangi zote zimemwagika hadi kwenye pedeli, na fundi hayupo. "Yuko hapo tu, anakuja," anakwambia kijana wake, bila kuinua macho kwenye simu. Fundi anarudi akijifuta mdomo, anashika taa yake ya kupimia, anagusa waya huu, anagusa ule, anachubua kwa meno, anasokota, anavingirisha tepu. Magharibi gari linawaka. Juu ya dashibodi kuna skrubu nne. "Hizo zilizidi tu, bosi." Usiku alamu inalia kila paka akipita uvunguni na majirani wanakutazama vibaya wiki nzima. Ukirudi kulalamika, anafungua, anapunguza kitu, hachukui senti. Ukimpa ya soda anashukuru.

Gereji ya huku niliyoipigia simu ili iniwekee stata nyingine ilinipa miadi ya wiki mbili mbele, ikanitoza kwa saa hata muda ambao kijana alikuwa anasoma maelekezo kwenye kompyuta. Skrubu zote zilirudi mahali pake, hilo nawapa.

Kazi yenyewe nilielezwa na kaka mmoja Mtanzania aliyenisindikiza. Kanada imelazimisha magari mapya kuwa na imobilaiza tangu Septemba 2007, yaani ndani ya ufunguo kuna chipu, na kompyuta ya gari isipoitambua, enjini haiwaki hata ukizungusha swichi mpaka kesho. Ukitaka kuongeza stata ya rimoti yenye nguvu zaidi, lazima uwe na moduli ya kuidanganya kompyuta kwamba ufunguo upo. Zamani mafundi walificha ufunguo wa akiba ndani ya kisanduku chini ya usukani. Siku hizi moduli inachomekwa kwenye soketi za gari lenyewe, hakuna waya unaokatwa, na inazungumza na kompyuta kwa lugha yake. Nyingine hazihitaji hata rimoti mpya: unabonyeza kufuli mara tatu kwenye ufunguo uleule wa kiwandani. Kwa ghorofani kwangu hiyo isingesaidia, hivyo tukachukua yenye antena yake, inayopenya zege, na muda wa kuunguruma tukaupanga dakika 20. Hakuna kadi ya benki ndani yake.

Huyo kaka alikuwa na gereji Ilala miaka mingi. Kijana wa pale alipokwama kuipata soketi ya imobilaiza, kaka aliinama, akaingiza mkono nyuma ya usukani bila kutazama, akaitoa. Kijana akashukuru kwa adabu, kisha akamwomba arudi nyuma ya mstari wa njano, wateja hawaruhusiwi. Kijana hana kosa. Lakini ujue kwamba huyu aliyerudishwa nyuma ya mstari usiku anapanga maboksi kwenye ghala. Hapa Alberta kutengeneza magari kwa ajira kunataka cheti. Mwenye uzoefu wa nje anaweza kuomba utambuliwe na kufanya mitihani, na hilo ni jambo jema, ila anatakiwa kuthibitisha kazi aliyoifanya, kwa barua za waliomwajiri. Barua itoke kwa nani? Gereji yake ilikuwa chini ya mwembe. Aliyemfundisha alishafariki, na hata angekuwepo angeshangaa kuombwa barua yenye saa za kazi. Nchi hii inalia kila siku kwamba haina mafundi, huku imemweka fundi ghalani kwa sababu mwembe hauna mhuri. Niambieni mimi ni mtu wa kulalamika. Sawa. Nimeshaona wauguzi wakifua mashuka na walimu wakiendesha teksi, na kila mmoja anaambiwa avumilie, mfumo ndivyo ulivyo.

Turudi kwenye gari, maana jambo hili halikuanza na mimi. Desemba 2021 ilibainika kwamba kwenye baadhi ya magari ya Toyota huko Marekani, hata kuwasha kwa kitufe cha ufunguo kungekoma kipindi cha bure kikiisha, mpaka mwenye gari alipie. Ufunguo ule hautumii intaneti wala laini ya simu. Ni redio ndogo inayozungumza na gari lililo karibu nayo. Ndiyo, Toyota hii hii ambayo kwetu ni kama kabila. Mwaka 2022 BMW nao wakaanza kutoza ada ya mwezi kwa viti vya joto katika baadhi ya nchi, Uingereza na Korea Kusini zikiwamo. Nyaya za joto zimo kitini, umeshakaa juu yake, ila hazipashi mpaka ulipie. Watu walipiga kelele, na mwaka 2023 BMW wakaacha. Yaani gari linageuzwa king'amuzi: chombo kipo sebuleni, kimelipiwa, na mwisho wa mwezi kinakuonyesha kioo cheusi.

Wenzetu huku wanalipa tu. Wamezoea kulipia kila kitu kwa mwezi, hata miziki waliyokuwa nayo kwenye kanda.

Wala msidhani mambo yao yote hayakatiki. Jioni ya tarehe 13 Januari 2024, baridi ya Edmonton ikiwa kali kweli, simu za Alberta nzima zililia kwa pamoja: umeme haututoshi, zimeni taa msizozihitaji, ahirisheni kufua, msichomeke magari wala hita za enjini kwa sasa. Mgao, ndugu zangu! Tofauti ni kwamba watu walitii ndani ya dakika chache na umeme haukukatika. Mimi nilizima taa kwa ustadi wa mtu aliyelelewa Temeke.

Neno kwenu mnaokuja, na mliokwisha kufika mkitaka kununua gari la kwanza. Kabla hujatia sahihi, muulize muuzaji kipi kwenye gari hilo kinafanya kazi bila simu, kipi kina ada, na ada inaanza tarehe gani. Mwambie ayaandike kwenye karatasi ya mauzo, asiishie kutabasamu. Ukiweka stata ya nje, peleka kwa gereji yenye leseni, uliza itagusa vipi waranti yako, na hakikisha swichi ya boneti imewekwa, ili fundi akiinama kwenye enjini mtoto asibonyeze rimoti ndani ya nyumba. Na kama gari linalala kwenye banda lililoungana na nyumba, usiliwashe kwa rimoti likiwa ndani, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa dakika mbili. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala.